Saa Iliyopata Mapigo ya Moyo Kwenye Mkate

Wasee, leo hakuna video. Leo naandika, kwa sababu hii stori nikiisema mbele ya kamera nitalia katikati, halafu mtasema natafuta laiki.

Jumapili moja mwaka jana nilichukua saa ya mathe, hizi za kisasa za kupima mapigo ya moyo, nikaifunga kwenye mkate. Mkate wa kawaida, nusu, ule ulikuwa umebaki kwa chai ya asubuhi. Nikabonyeza pale kwa alama ya moyo. Taa ya kijani ikawaka chini, ikafikiria kidogo, halafu ikaniambia mkate una mapigo 78 kwa dakika. Nikabonyeza pale kwa presha. Mkate ulikuwa na presha ya 118 kwa 76. Kwa hiyo nyumba yote, mwenye afya bora alikuwa mkate.

Sikucheka. Mathe alikuwa wodini siku hiyo, upande wa kushoto haumsikii vizuri, na hiyo saa nilimnunulia mimi.

Wacha nianze mwanzo. Mathe ana presha ya miaka mingi. Anauza mboga hapa Kayole, anaamka saa kumi kwenda sokoni, dawa anakunywa akikumbuka na akiwa na pesa. Mimi nilikuwa nimeacha chuo mwaka wa pili. Nilikuwa nasomea uhandisi wa umeme. Sababu moja ilikuwa karo. Sababu ya pili, ambayo sijawahi kusema hapa, ilikuwa kiburi: nilikuwa nimefikisha wafuasi elfu kumi na nikaona mhadhiri ananichelewesha. Basi nikaenda Luthuli, nikanunua saa kwa 2,800, nikamfunga mathe mkononi, nikapiga video. Nikaiita daktari wa mkononi. Ile video ilienda mbali kuliko zote nilizowahi kutoa. Watu wakaniuliza duka ni gani, nikawaelekeza.

Mathe akaamini. Kwa nini asiamini? Mtoto wake alienda chuo. Kila asubuhi alikuwa anaangalia saa, inasema 120 kwa 79, 117 kwa 75. Baada ya miezi miwili akaona hakuna haja ya kununua dawa kama presha imeshuka yenyewe. Hakuniambia. Jumamosi moja akiwa kwa kibanda, mdomo ukaenda upande, sukumawiki ikamwanguka mkononi. Hospitalini nesi alimfunga kile kitambaa cha kubana mkono, akakipump, akaandika 214 kwa 122. Saa bado ilikuwa kwa mkono ule mwingine. Ilikuwa inasema 119.

Mathe yuko hai. Anaongea, polepole. Mkono wa kushoto unarudi kidogo kidogo. Ile video niliitoa. Lakini kuitoa hakuwafikii wale walioiangalia na wakaenda kununua, ndiyo maana naandika. Nimekaa miezi nikisoma historia ya hivi vitu, kutoka mwanzo kabisa, nikitafuta jibu la swali moja tu: ni lini tulianza kuamini kwamba kifaa kinaweza kumchunga mtu bila mtu mwingine kuwa pale?

Skizeni sasa.

Mwanzoni mwa karne iliyopita, mji wa Leiden kule Uholanzi, kulikuwa na profesa anaitwa Willem Einthoven. Huyu ndiye alitengeneza mashine ya kwanza nzuri ya kuchora umeme wa moyo. Moyo wako unapodunda unatoa umeme kidogo sana, na yeye aliweza kuunasa kwa uzi mwembamba ulioning'inia katikati ya sumaku. Mashine yenyewe ilikuwa na uzito wa karibu kilo 270 na ilihitaji watu watano kuiendesha. Mgonjwa hakubandikwa chochote kifuani. Alitumbukiza mikono na mguu kwenye ndoo za maji ya chumvi.

Tatizo likawa hili: mashine iko maabara, wagonjwa wako hospitali, kilomita moja na nusu hivi kutoka hapo. Mashine haibebeki, na mgonjwa wa moyo hutaki kumtembeza. Kwa hivyo mwaka wa 1905 Einthoven akaunganisha hospitali na maabara kwa waya za simu. Mgonjwa anakaa na ndoo zake kule, umeme wa moyo unasafiri kwa waya, Einthoven anausoma huku. Hiyo ni zaidi ya miaka 100 kabla ya saa ya Luthuli. Na angalia mpangilio wake: upande mmoja kuna mgonjwa na mtu wa kumshughulikia, upande wa pili kuna mtu anayesoma. Waya iko katikati tu. Mwaka wa 1924 jamaa akapewa Tuzo ya Nobel.

Twende Marekani, jimbo la Montana, mji mdogo wa Helena. Huko kulikuwa na mwanafizikia anaitwa Norman Holter. Shida yake na mashine za hospitali ilikuwa rahisi: zinampima mtu akiwa amelala kimya kitandani, na maisha hatuyaishi tukiwa tumelala. Moyo unaosumbua mtu akipanda ngazi unaweza kuwa mpole kabisa akiwa kitandani. Mwishoni mwa miaka ya 1940 akatengeneza redio ya kubebwa mgongoni, inayotuma mchoro wa moyo hewani wakati mtu anatembea. Uzito wake ulikuwa karibu kilo 38. Yaani ni kama kubeba mtungi mkubwa wa gesi mgongoni ili ujue moyo wako ukoje. Na moyo ukiwa umebebeshwa hivyo, hata kama ulikuwa sawa si utaanza kulalamika?

Holter hakuacha. Alipunguza na kupunguza, transista zikaja zikamsaidia, akaongeza kinasa sauti cha utepe ili mapigo ya saa nyingi yahifadhiwe na yasomwe baadaye. Mwaka wa 1961 akachapisha kazi yake kwenye jarida la Science. Mpaka leo, ukiambiwa na daktari uvae mashine ndogo ya kifua kwa saa 24, inaitwa Holter. Ni jina la mtu.

Mwaka huo huo wa 1961 binadamu alifika angani, na hapo ndipo hii historia inapiga hodi kwetu.

Shirika la anga la Marekani, NASA, lilikuwa na mradi unaitwa Mercury. Hakuna aliyejua kama moyo wa mtu utavumilia kule juu. Basi wanaanga walibandikwa vihisi mwilini: vya moyo, vya pumzi, vya joto. Vyote vilituma habari kwa mawimbi ya redio mpaka chini. Lakini dunia ni mviringo, chombo kikizunguka upande wa pili Florida haikioni tena. Ilibidi wajenge vituo vya kukipokea njiani, nchi mbalimbali, na vingine kwenye meli. Kimoja kilijengwa Zanzibar, Tunguu. Ndiyo, Unguja hii ya karafuu. Tarehe 20 Februari 1962, John Glenn alipozunguka dunia, habari za moyo wake zilishuka kwenye antena kisiwani Unguja, na kulikuwa na daktari zamu pale, kazi yake ni kuangalia mchoro wa moyo wa mtu aliye juu ya mawingu na kuzungumza naye.

Niliposoma hiyo nilisimama nikazunguka nyumba. Mambo mawili yalinigonga.

La kwanza: presha ya Glenn haikupimwa kwa ujanja wa taa. Mtu aliyevaa vifaa vya bei ghali kuliko vyote duniani siku hiyo alikuwa amefungwa kitambaa cha kubana mkono, ndani ya suti ya anga. Kama njia ya mkato ingekuwepo, wale wangeitumia.

La pili: walipanga madaktari kuzunguka dunia nzima kwa ajili ya moyo mmoja. Hawakusema ati kwa vile tuna vihisi basi inatosha. Kihisi kilikuwa nusu ya kazi. Nusu ya pili ilikuwa mtu mwenye macho kwa hiyo karatasi na mdomo wa kusema, wewe, hebu jieleze unavyojisikia.

Wanasiasa wengine wa Zanzibar walikipinga kituo hicho, wakakiona ni kambi ya roketi. Mapinduzi ya Januari 1964 yakaja, na mwaka huo huo kituo kikafungwa. Lakini kwa hiyo miaka michache, kisiwa chetu cha Waswahili kilikuwa sehemu ya mtandao wa kusikiliza miili ya watu kutoka mbali. Shuleni hakuna aliyenifundisha.

Baada ya hapo teknolojia ikaanza kutoka kwa wataalamu kwenda kwa mtu wa kawaida. Finland, mji wa Oulu, profesa anaitwa Seppo Säynäjäkangas alianzisha kampuni ya Polar mwaka wa 1977 akitaka wanariadha wajue mapigo yao wakiwa mazoezini. Mwaka wa 1982 wakatoa kifaa cha mkononi kinachopokea mapigo bila waya kutoka kwa mkanda wa kifuani. Hapo kuna mgeuko mkubwa. Hapa, anayepimwa na anayesoma ni mtu mmoja. Kwa mkimbiaji aliye fiti hiyo ni sawa kabisa, anajua anachotafuta. Lakini ukichukua mpangilio wa mkimbiaji ukampa mgonjwa, umemtoa daktari wa Tunguu kwenye kiti na hakuna uliyemweka.

Sasa tuingie mjini, kwa sababu mji una mambo yake.

Februari 1998, Dallas, Texas. Hospitali ya Baylor ilikuwa inafuatilia mioyo ya wagonjwa bila waya, ikitumia mawimbi ambayo hakuna kituo cha televisheni kilichokuwa kikiyatumia pale. Siku moja kituo cha WFAA kikaanza kujaribu matangazo yake mapya ya kidijitali, kwenye mawimbi yale yale. Hospitalini, mashine zikaanza kupoteza mapigo ya wagonjwa. Wagonjwa wako pale vitandani wanapumua, lakini skrini haiwaoni. Hakuna mtu aliyefanya kosa kisheria. Kituo kilikuwa na haki ya mawimbi, hospitali ilikuwa imejiegesha tu. Hospitalini waliona kuna kitu hakiko sawa, na kituo kilipojulishwa kikazima. Mwaka wa 2000 mamlaka ya mawasiliano ya Marekani ikatenga mawimbi maalum ya vifaa vya hospitali.

Muda huo huo watafiti walikuwa wanafikiria mwili mzima kama mtandao. Mwaka wa 1996 Thomas Zimmerman, aliyetoka chuo cha MIT na kufanya kazi na IBM, alionyesha kwamba umeme mdogo sana unaweza kupita kwenye mwili wenyewe: watu wawili wakisalimiana kwa mkono, namba za simu zinahama kutoka kwa kifaa cha mmoja hadi kwa cha mwingine. Miaka ya 2000 Guang-Zhong Yang na wenzake wa Imperial College, London, wakaipa nguvu dhana ya mtandao wa vihisi vya mwilini. Mwaka wa 2012 wahandisi wa IEEE wakatoa kanuni rasmi ya mitandao hii, inaitwa 802.15.6.

Kwa lugha ya mtaa, inafanya hivi. Una vihisi vidogo kadhaa mwilini, kimoja kifuani, kimoja kidoleni, kingine mguuni. Kila kimoja kinatuma kipimo chake kwa mkubwa wao, mara nyingi simu iliyo mfukoni. Simu inatuma kwa kompyuta ya mbali kupitia intaneti. Huko mbali, kinadharia, kuna mtu au programu inayopiga kengele kukiwa na shida. Ni kama mathree: kondakta anakusanya kwa kila abiria, anampa dereva, mwisho wa siku pesa zinafika kwa mwenye gari. Mmoja akilala njiani, mwenye gari anapata hesabu ya uongo.

Na kulala njiani ni rahisi. Mwili wa binadamu ni maji mengi, na maji hunywa mawimbi ya 2.4 GHz, ambayo ndiyo vifaa vingi vinatumia. Kihisi cha mgongoni kinaweza kushindwa kufikisha habari kwa simu iliyo mfuko wa mbele, kwa sababu wewe mwenyewe umesimama katikati. Halafu mawimbi hayo hayo ndiyo ya Wi-Fi, ya Bluetooth, na hata maikrowevu inayavuruga. Sasa fikiria ploti ya ghorofa saba hapa Kayole, kila nyumba na Wi-Fi yake, spika za Bluetooth, na vyumba vimebanana. Ongeza stima kupotea na bando kuisha. Watafiti wanaojenga mitandao hii kwa ajili ya miji wanapigana na hayo kila siku, na wamepiga hatua: ile Bluetooth ya kula umeme kidogo, iliyoingia mwaka wa 2010, ndiyo imefanya kihisi kiishi miezi kwa betri ndogo kama kifungo. Mimi siwapingi hata kidogo. Lakini ujue kwamba kati ya mwili wako na daktari kuna milango mingi, na kila mlango unaweza kufungwa bila wewe kujua.

Kuna mlango mwingine wenye rangi. Kile kifaa cha kubana kidole, cha kupima oksijeni, msingi wake uliwekwa na mhandisi Mjapani, Takuo Aoyagi, mwaka wa 1974. Kinapitisha mwanga kwenye kidole na kusoma damu. Kimeokoa watu wengi sana. Lakini mwaka wa 2020, katikati ya korona, madaktari wa Michigan walichapisha utafiti: kwa wagonjwa Weusi, kifaa kilikosa kuona upungufu hatari wa oksijeni karibu mara tatu zaidi ya kilivyokosa kwa Wazungu. Ngozi nyeusi inabadilisha mwanga, na upimaji haukuwa umezingatia hilo vya kutosha. Na dokezo lilikuwepo tangu utafiti wa 1990. Miaka 30, kitu kinajulikana na kimeachwa tu.

Ndiyo maana nilifurahi kusoma kwamba hapa Nairobi kuna watu wanaojaribu vitu kwa njia inayofaa. Kuna vihisi laini visivyo na waya vya kubandika watoto wachanga, vilivyotengenezwa na watafiti wa Northwestern kule Marekani. Vilijaribiwa Aga Khan hapa Nairobi, kwa watoto wetu, kipimo kwa kipimo, vikilinganishwa na mashine inayoaminika ya hospitali. Hivyo ndivyo inavyofanywa. Ukitaka nikiamini kifaa, nionyeshe kilikopimwa, kwa ngozi ya nani, na kando ya mashine gani.

Saa yangu ya Luthuli haikuwahi kupimwa kando ya kitu chochote mpaka siku ile niliyoifunga kwa mkate. Taa ya kijani ni ya kweli, inaweza kukisia mapigo ya moyo ukiwa umetulia. Lakini presha kwa saa za bei hiyo mara nyingi ni hesabu ya kubahatisha inayozunguka karibu na namba za mtu mzima mwenye afya. Inakuambia unachotaka kusikia. Na mimi, mtu wa video, nilipaswa kujua hiyo biashara vizuri sana.

Mtaniuliza, kwani unasema tutupe saa? Hapana. Pima hatua zako, pima usingizi, endelea. Lakini usiache dawa kwa sababu ya saa. Ukitaka kujua presha, tafuta mashine ya kitambaa cha kubana mkono, kaa dakika tano kwanza, miguu chini, mkono umelala mezani. Ukinunua kifaa cha afya, uliza habari zako zinaenda kwa nani. Sheria yetu ya mwaka wa 2019 ya kulinda data inahesabu habari za afya kuwa nyeti, kwa hivyo una haki ya kuuliza. Na kama uliiona ile video yangu ukanunua, tafadhali, nenda ukapimwe wiki hii. Kama ulimnunulia mzazi, mpigie leo umuulize kama bado anameza dawa.

Lile swali langu la mwanzo nadhani nimelipata jibu, na halikuwa ng'ambo. Mwaka wa 2023 serikali ilizindua wahudumu wa afya ya jamii zaidi ya laki moja nchi nzima, wakapewa mikoba yenye vifaa, na simu. Wetu ni dada mmoja anakaa ploti ya tatu kutoka hapa. Kila Jumanne anakuja, anamfunga mathe kitambaa, anasubiri, anaandika kwa simu. Lakini kabla ya hapo anauliza: mama umekula nini? Umelala? Dawa zimebaki ngapi, hebu lete nihesabu. Wiki iliyopita namba ilikuwa 138 kwa 86, na hata kabla ya kupima alikuwa ameshajua kwamba mathe amekasirika, kwa sababu mathe alikuwa amekataa kuamkia mtu.

Siku moja nataka huyo dada apate vihisi bora, vinavyomtumia habari za mathe usiku wa manane mvua ikinyesha. Nataka turudi tuvijenge sisi, hata kama ni mimi kurudi mwaka wa pili nikiwa mzee wa darasa. Lakini nataka ujumbe ukifika, umfikie yeye.

Leo ni Jumanne. Nasikia geti, na mathe ananiita nikafungue. Andikeni hapo chini presha za wazazi wenu ziko ngapi, zile za kitambaa. Za saa sitaki.